Msumari Mtupu

Fundi baiskeli alikuwa amelala chali wodini, mguu wake wa kulia umeinuliwa kwa kamba iliyopita juu ya kigurudumu cha chuma, na mwishoni mwa kamba unaning'inia mfuko wa mchanga. Lori lilimgonga akitoka karakanani kwake, paja likavunjika. Shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa bunduki waliyempachika jina la Shabaha, aliuangalia mguu ule akacheka.

"Leo umenaswa wewe, shemeji!"

Utani wao ulikuwa huo huo siku zote. Fundi alitega wanyama kwa nyaya za breki. Shabaha alinyemelea kwa bunduki, na kila walipokaa pamoja kula alimwambia kutega si kuwinda, ni kumwachia waya kazi halafu wewe ukaenda kukoroma. Fundi naye alimjibu kwamba yeye huipitia mitego yake kila alfajiri, mnyama hakai kwenye waya mpaka jua likamkuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake porini, na hakuwahi kuivunja.

Safari hii aliuacha utani. Alimgeukia mkewe aliyekaa kando ya kitanda.

"Nimelala hapa tangu lini?"

"Tangu juzi. Dawa zilikulevya."

"Mitego bado imetegwa."

Shabaha akaacha kucheka. "Mimi siugusi uchafu wako."

"Usiniguse mimi, wala usinihurumie. Shemeji, kuna kitu kinahangaika huko hivi tunavyoongea."

"Kaka, nenda," mkewe akasema. "Kugombana mtagombana akitoka."

Karakanani, juu ya meza ya kazi, kila mtego ulikuwa na msumari wake ukutani. Msumari mtupu maana yake waya uko porini. Shabaha alizunguka porini siku nzima kwa maelekezo ya mgonjwa: kichuguu kilichopasuka, kivuko cha kijito, mti uliolala. Alirudi na nyaya begani, akampa dada yake azitundike.

"Mmoja ulikuwa umenasa funo," alisema. "Ameshaoza. Usimwambie."

Dada mtu akazitundika. Alipomaliza, msumari mmoja ulibaki mtupu.

"Penye mti uliolala nimekuta kigingi tu," Shabaha akasema. "Waya umekatika."



Asubuhi, walipofika wodini, Fundi hakungoja hata salamu. "Misumari imejaa?"

Mkewe akatazama sakafu. Shabaha ndiye aliyesema. "Mmoja mtupu. Mnyama ameondoka nao."

Fundi akafumba macho. 

"Wewe ukimjeruhi mnyama unafanyaje?"

"Namfuata. Unajua. Hata kama ni mpaka kesho."

"Na mimi ningemfuata." Akajaribu kuinuka, kamba ikakaza, mfuko wa mchanga ukayumba, uso ukamkunjamana kwa maumivu.

"Tulia, bwana! Jeraha la mnyama huyo ni lako, si langu," Shabaha akasema. Lakini alikuwa ameshasimama, na hakuaga.

Alirudi kesho yake jioni, suruali imetapakaa matope, mikono imechanwa na miiba. Akauweka waya juu ya shuka. Ulikuwa na manyoya yaliyogandia.

"Pongo jike. Ulikuwa umeshaingia mpaka mfupani."

"Alikimbia?"

"Angekimbiaje? Alisimama kwenye matete akanitazama. Nilimsogelea mpaka nikasikia anavyohema. Ndipo nikapiga."

"Basi leo hata wewe hukuwinda."

Siku nyingine Shabaha angepandisha hasira. Alijishusha taratibu ukingoni mwa kitanda, akawa anachomoa mwiba kiganjani.

"Hapana," akasema. "Nimemalizia tu."

Dada yake akanyoosha mkono auchukue waya akautundike pamoja na wenzake. Fundi akamzuia.

"Nyaya zile nyingine zifungwe kwenye baiskeli za watu. Zote. Huu niachie."

Akauzungusha mwenyewe kwenye chuma cha kitanda, pale ambapo mtu aliyelala chali hawezi kuacha kuuona.

Asubuhi nesi alikuja kubadilisha shuka, akasita.

"Huu waya mchafu ni wa nani?"

Shabaha alikuwa pale, na chupa ya chai mkononi. Akafungua mdomo.

"Ni wangu," Fundi akamuwahi.