Sema Umekosa, Yaishe

Koplo Filbert hakunipiga. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kunitazama usoni na mikononi, akitafuta alama. Alinivutia kiti. Alifungua dirisha upepo uingie. Alinisogezea chupa ya maji, na sauti yake muda wote ilikuwa ya mtu anayembembeleza mtoto amalize uji.

"Mama Arwa," alisema, "hapa hakuna mwenye ugomvi na wewe. Sema umekosa, weka saini, ukamnyonyeshe mwanao. Yaishe."

Mwanangu alikuwa hajajua hata kukaa. Asubuhi nilimwacha Buguruni kwa mama mkwe wangu, Mama Kuruthumu, ambaye kila siku baada ya adhuhuri humleta dukani nimnyonyeshe nyuma ya makabati. Siku hiyo wakati huo ulinipita nikiwa ndani ya chumba kile cha polisi. Maziwa yalijaa mpaka kwapa zikawa zinauma, na kila mtoto wa mtu alipolia kule barabarani, gauni langu lililowa. Koplo alikuwa anaona. Aliangalia kifuani kwangu, akaangalia saa ya ukutani, akarudia maneno yaleyale kwa upole uleule.

Nauza vitambaa Kariakoo, katika duka la Bi Mauza, alilorithi kwa baba yake ambaye naye alirithi kwa babu yake aliyetoka Uarabuni. Nimekaa naye vizuri. Nilipojifungua ni yeye aliyempa mwanangu jina, jina la marehemu mama yake. Na kama maduka yote ya pale, tunaishi kwa mawinga. Winga hana duka, ana wateja tu. Mteja akitaka kitambaa ambacho duka alilokaa halina, winga anatoka mbio, anachukua kwako, anampelekea, kisha anakurudishia pesa au mzigo. Hapaandikwi kitu. Winga ukimwandikisha leo, kesho wateja wake anawapeleka kwa jirani.

Khalfani alikuwa winga wetu kabla mimi sijaijua Kariakoo. Asubuhi ile alikuja, akataniana nami kidogo kuhusu Arwa kuwa mchumba wake, akachukua majora mawili ya kitambaa cha mapazia, kile kizito cha bei, akayabeba begani. Hadi jua linafika utosini hajarudi, simu yake haipatikani. Bi Mauza aliingia akiwa na mpwa wake, Yasser, akauliza yale majora yako wapi. Nikamweleza. Uso wake niliuona unabadilika, nami nikapiga magoti hapohapo kwenye vigae.

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

Kwetu Masasi mtoto hufundishwa neno hilo kabla hajafundishwa kuhesabu. Mkubwa akikasirika, unasema nimekosa. Hakuna anayekuuliza umekosa nini. Ni kama kuvua viatu mlangoni. Bi Mauza analijua, nimemwambia hivyo mara nyingi, hata siku chai inapopoa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kwenye simu. Lakini Yasser hajawahi kukaa nami dukani akaijua tabia yangu. Aligeukia majirani waliokuwa wanachungulia, akawaambia si mmemsikia wenyewe, amekiri. Halafu akapiga simu polisi.

Ndivyo neno langu lilivyofika kituoni kabla yangu.

Koplo alikuwa na karatasi mbele yake, imejaa hadi katikati, na mimi nilikuwa sijasema lolote zaidi ya jina na kabila. Nilimwomba anisomee. Alisita, kisha akasoma haraka kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa asiyemjua: mimi Waridi, nikiwa na akili timamu, nakiri kosa la kuiba majora mawili nikishirikiana na mtu aitwaye Khalfani.

Nikamwambia hayo sikusema.

"Hukumwambia tajiri wako umekosa?"

"Nilimwambia."

"Sasa kukosa ni nini, kama si kosa?"

Hapo nilikwama. Nilijua kuna tofauti, niliisikia moyoni, ila mdomoni haikupita. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la jioni, nilirudi shule baada ya kuolewa ili siku moja nifanye mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu wa uraia alitufundisha haki za mtuhumiwa. Siku hiyo mimba yangu ilikuwa kubwa, nilikuwa nimesimama dukani tangu asubuhi, na nusu ya kipindi nilisinzia. Kilichobaki kichwani vilikuwa vipande. Unaweza kunyamaza. Kuna jambo la ndugu. Na saa nne. Hiyo saa nne niliikumbuka vizuri kwa sababu darasa zima liliirudia kwa sauti, na nikazinduka.

Basi nikajikaza, nikasema, "Afande, mwalimu wetu alisema mwisho wa kuhoji mtu ni saa nne."

Alinitazama kwa muda. Nadhani aliona nilichoelewa na nisichoelewa. Kisha akatabasamu, akafunika kalamu yake.

"Sawa kabisa," alisema. "Saa nne usiku. Tutakaa wote hadi saa nne usiku. Mwanao atapewa maziwa ya kopo."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita zamani, lakini saa nne ya usiku ilikuwa mbali kama Masasi. Nikaanza kupiga hesabu ambayo mama yeyote angeipiga. Arwa hajawahi kuonja kopo. Anaweza kugoma. Anaweza kulia hadi apoteze sauti, kama alivyofanya siku ya chanjo. Na mimi nimekalia kiti hapa nikibishana juu ya neno moja ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kunidhuru. Nassibu, mume wangu, alikuwa zamu bandarini, na wakiwa melini simu wanaziacha nje. Nilidhani nyumbani hakuna aliyejua niliko. Niliisogeza ile karatasi upande wangu. Koplo akafunua kalamu, akaniwekea juu yake, taratibu, kama anayemtegea kuku mtama.

Nilikuwa nimeishika kalamu niliposikia kilio. Hiki hakikuwa cha mtoto wa mtu. Mama anakijua cha kwake hata sokoni.

Kumbe Mama Kuruthumu alifika dukani kama kawaida, majirani wakamwambia, akaja na mtoto hadi kituoni. Alikuwa kaunta tangu alasiri, akiambiwa asubiri, mpaka sajenti wa zamu aliporudi. Mlango ulifunguliwa akaingia huyo sajenti, mwanamke mrefu anayeitwa Candida, na nyuma yake mama mkwe akiwa na Arwa mgongoni, uso wa mtoto umelowa machozi.

"Mpe mtoto mama yake," Candida alimwambia mama mkwe.

Koplo akasema kwamba bado kidogo tu, mtuhumiwa alikuwa anamalizia kuweka saini, kisha atanyonyesha kwa raha zake.

"Kunyonyesha hakusubiri saini, koplo."

Nilimweka Arwa kifuani. Alipokamata ziwa nilihisi mwili mzima unashuka, machozi yakanitoka bila ruhusa. Mama Kuruthumu akachutama mbele yangu, akanipangusa kwa ncha ya kanga. Ana mapenzi nami, yule mama. Na kwa mapenzi hayohayo akaninong'oneza lile lile la koplo.

"Mwanangu, sema tu umekosa, yaishe. Twende nyumbani. Kusema ni nini? Ulimi hauna mfupa."

Nikamwambia Afande Candida kwamba nimeshindwa kungoja hadi saa nne usiku. Akauliza saa nne usiku ya nini. Nikamweleza alichosema koplo. Candida alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akazungumza kama anayenielekeza njia.

"Dada, mwalimu wako hakusema saa nne ya usiku. Ni muda wa saa nne wa kukuhoji, unaanza pale ulipokamatwa. Umekamatwa saa saba mchana, sasa inakaribia kumi na moja. Zikipita, anayetaka kuendelea anaomba kibali kwa mkubwa wake na anaeleza kwa nini."

Kisha akaichukua karatasi. Juu yake kulikuwa na sehemu ya kuandika saa ya kuanza, ilikuwa tupu. Kulikuwa na sehemu nyingine ya kuandika maelezo yanatolewa mbele ya nani, nayo tupu. Akaniuliza kama niliambiwa kwamba silazimiki kusema kitu, na kwamba nikisema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Nikasema hapana. Kama niliambiwa naweza kumwita ndugu, rafiki au wakili akae nami. Hapana. Koplo alikuwa anaangalia dirishani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kazi ni nyingi na watu wenyewe ni hawa.

"Unataka nani akae nawe?" Candida akaniuliza.

Nilimtazama Mama Kuruthumu. Ndugu niliyekuwa naye ni huyohuyo aliyetaka niseme nimekosa.

"Mama mkwe wangu."

Candida akaandika saa, akaandika jina, akanisomea onyo pole pole, akamwambia koplo aendelee mbele yake. Koplo akageuza kiti. Sauti ya uji ilikuwa imekwisha.

"Haya. Ndugu yako huyu hapa. Ukikanusha, unalala mahabusu na mtoto wako, mbu watawala wote wawili. Nakuuliza mara ya mwisho. Ulisema umekosa au hukusema?"

Candida akamwambia hilo la mbu aliache. Lakini lilikuwa limeshatua. Mama Kuruthumu akanibana goti kwa nguvu. "Waridi. Sema."

Sijawahi kumbishia. Tangu niolewe sijawahi. Nilimtoa Arwa ziwa moja nikamhamishia la pili, ili nipate muda.

"Mama," nilisema, "hapa neno hili hawalisamehe. Wanaliandika."

"Wanaliandika vipi?"

"Mwombe akusomee."

Koplo hakutaka. Candida akamwambia msomee, ndiye shahidi wake. Akasoma. Alipofika kwenye kuiba, mkono wa mama mkwe ulitoka gotini kwangu.

"Nani kaiba?"

"Mkweo amekiri mwenyewe, mama."

"Huyu?" Mama Kuruthumu akasimama. "Huyu hata mimi nikimkanyaga, yeye ndiye anasema amekosa. Juzi nimemwaga maharage jikoni kwangu, kwa mkono wangu, kanijia mbio, nimekosa mama. Sasa na maharage mtampeleka mahakamani?"

Candida aliinamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika kidogo. Koplo hakucheka. Alinikazia macho mimi, akingoja, na nikajua hakuna wa kunisemea hili. Mama mkwe amesema lake. Sajenti amefanya lake. Kulala mahabusu bado kulikuwapo, na Arwa bado alikuwa ananyonya.

"Sikuiba," nilisema. "Khalfani alichukua mzigo kama anavyochukua siku zote, na Bi Mauza anajua kwamba huchukua. Nilimwomba Bi Mauza radhi kwa sababu alikasirika. Andika hivyo, afande. Ile nyingine siiwekei saini hata nikilala hapa."

Kisha koplo akaikata ile karatasi ya kwanza kwa mstari kutoka kona hadi kona, Candida akaiweka kwenye jalada isipotee, na ukurasa mpya ukaanza. Nilimwambia aende taratibu. Alipomaliza niliomba nisome mwenyewe. Alikuwa ameandika kwamba nilimpa Khalfani majora. Nikaomba aandike kwamba Khalfani alichukua, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Akafuta, akaandika, tukaweka saini pembeni wote wawili. Mama Kuruthumu akatia dole gumba, akauangalia ule wino kama mtu aliyepakwa hina na fundi mbaya.

Sikulala ndani. Candida alinipa dhamana, mdhamini mama mkwe na kitambulisho chake, nirudi asubuhi, kwa sababu jambo halijaisha na Khalfani bado anatafutwa. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Bi Mauza, peke yake. Yasser alikwishaondoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Aliomba funguo za duka, nikampa. Alimtazama Arwa aliyelala begani kwangu, akainua mkono kama anataka kumgusa mguu, halafu akaurudisha kwenye mkoba. Labda kesho ataulizwa kuhusu mawinga, na atajibu ukweli. Natumaini atajibu ukweli. Ni mtu wa swala, na ananijua.

Nje tulisimama kungoja bajaji. Mama Kuruthumu hakunisemesha, nikadhani amenuna kwa kubishiwa mbele za watu. Pale anapokaanga mihogo Buguruni, haupiti mwezi bila mtoto wa mwenzake mmoja kuzolewa na karandinga la polisi, na mama zao hukimbilia kwake kuuliza wafanye nini, naye huwaambia wakaombe radhi.

"Ile ya ndugu kukaa na mtu akihojiwa," alisema mwishowe. "Irudie."

Nikairudia.

"Na ile ya kunyamaza? Kwamba hulazimiki?"

Nikairudia na hiyo. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kimoja bado cheusi kwa wino, akisogeza midomo bila sauti. Bajaji ikasimama mbele yetu, dereva akauliza wapi. Mama mkwe akamwonyesha kwa mkono asubiri.

"Ngoja kwanza," akaniambia. "Saa nne inaanzia wapi?"