Maneno ya Dada kwenye Bampa

Kazi yangu ni kukata maneno ya kubandika kwenye magari. Nina kibanda kando ya mahali pa kuoshea magari, na mashine moja ya kukatia. Mashine kama hiyo wanayo wengi. Watu huja kwangu kwa sababu ya mdomo wangu. Mtu anafika hajui anataka nini, namtazama yeye, natazama gari lake, halafu namtungia. Dereva wa lori la mchanga nilimwandikia BREKI NINAZO, SUBIRA SINA. Mkunga mmoja mwenye kigari chekundu aliondoka na NIPISHE, MTOTO HAJUI FOLENI. Watu wanasoma, wanacheka, wanauliza nani katunga.

Mwaka jana shemeji yangu, mume wa dada, aliondoka nyumbani. Alibeba begi asubuhi akasema anakwenda kazini, na mchana akatuma ujumbe kwamba harudi. Dada yangu ni karani wa mapokezi kwenye zahanati, mtu wa maneno machache. Tumezaliwa wawili tu, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kibaruani. Kwa mwezi mzima hakutaka kabisa kuligusia jambo lile. Jumapili moja nikamkuta jikoni, ameshika mwiko, anaitazama sufuria. Nikamuuliza kama ana wageni. Akasema hana.

"Bado napika cha wawili," akasema, bila kugeuka. "Mkono umekataa kuzoea."

Kisha akaniomba yaishie palepale.

Nilikaa nayo siku tisa. Siku ya kumi akaja Kipara, dereva wa teksi, mtu ambaye tumbo lake hufika kabla yake. Alitaka maneno ambayo hakuna gari jingine lililo nayo. Kila nililotunga aliliona la jana. Waosha magari wakasogea kusikiliza, na mmoja akasema leo bwana mkubwa kaishiwa. Hilo liliniuma. Nikalitazama lile tumbo, na maneno yakanitoka: bado napika cha wawili.

Walicheka hadi mmoja akakalia ndoo yake. Nami nilicheka. Ningeweza kusema nilikuwa natania, nikatafuta jingine. Badala yake niliwasha mashine.

Baada ya hapo kila mtu aliyataka. Wengine waliyasoma kama maneno ya mlafi, wengine kama tangazo la kapera anayetafuta mke. Niliyakata meupe, nikayakata ya njano. Nilijiambia kwamba maneno hayana jina la mtu, kwa hiyo hakuna niliyemsema.

Miezi ikapita. Kisha dada akaacha kupokea simu zangu. Nilidhani ana kazi nyingi, mpaka siku alipokuja muuguzi mmoja wa zahanati yao kuniagiza stika. Hakujua kwamba sisi ni ndugu. Alinisimulia kwamba wiki mbili nyuma walikuwa wanatoka kazini, yeye na mwenzake na karani, wakasimama njia panda kusubiri kuvuka. Teksi ikasimama mbele yao. Muuguzi akayasoma maneno ya nyuma yake kwa sauti, akasema aliyetunga hayo tumbo lake halina mlango.

"Hata karani wetu alicheka mpaka akafuta machozi," akaniambia. "Na yule huwa hacheki."

Nilimkatia alichotaka. Herufi mbili zilipinda, ikabidi nianze upya.

Kesho yake nilifunga kibanda, nikachukua wembe na chupa ya maji ya moto, nikaanza kutafuta magari. Kipara nilimkuta kwenye kituo cha teksi. Nilimdanganya kwamba plastiki ile ni mbovu, italiharibu gari, na nitambandikia nyingine bure. Jua lilikuwa kali, stika ikatoka kama ganda la yai lililochemshwa. Lakini chini yake rangi ya gari ilikuwa haijapauka kama kwingine. Maneno yalibaki palepale, yamekolea, yanasomeka toka ng'ambo ya barabara.

"Sasa ndiyo yamependeza," Kipara akasema.

Nilisugua mpaka akaniomba niache.

Gari la sita lilikuwa la mwalimu mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe. Nilipoanza kumweleza habari za plastiki mbovu, alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema lake halitolewi. Alisema watu wanamcheka barabarani, nao hawajui. Yeye hakuyanunua ili achekeshe. Aliyaona kwenye teksi, akasimama kando ya barabara muda mrefu, akashangaa kwamba kuna mtu mwingine duniani mwenye mkono kama wake, ambao bado unatia sufuriani cha wawili. Hapo sauti yake ikakatika.

"Aliyeyasema si wewe," akaniambia. "Ukimwona, mpe pole yangu."

Niliona nimepata cha kumpelekea dada. Nilikwenda moja kwa moja kwake. Alifungua mlango, akanipisha, akakaa. Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Nikaona niseme jema lililopatikana, nikamweleza habari za mwalimu yule: msiba wake, sufuria yake, jinsi sauti yake ilivyokatika. Nilisimulia vizuri, maana kusimulia ndiyo kazi yangu.

Dada aliniacha nimalize.

"Na huyo naye," akasema, "alikuambia unisimulie?"

Nikakumbuka kwamba mzee alikuwa amenituma pole tu. Mengine yote nilikuwa nimeyabeba mwenyewe. Nilibaki magotini, uso unawaka, sijui pa kutazama. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile, hata nilipokuwa mgongoni mwake.

Aliniambia niinuke, sakafu ina baridi.

Siku hizi anapokea simu zangu. Ananiuliza hali, anasema zahanati imejaa, mvua imechelewa, bei zimepanda. Namsikia akichagua maneno, kama mtu anayeongea akijua mlango uko wazi. Simlaumu. Ninapomuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje, anasema salama, kisha ananitakia kazi njema.