Kura ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Verna Stamper alikuwa amepiga magoti kwenye zege mbele ya gereji, anasugua ukungu kwa brashi na sabuni ya kufulia. Miaka sabini na mbili, jua la Florida mgongoni. Barua ya chama cha wenye nyumba ilimpa siku kumi kuliondoa doa lile, la sivyo faini dola mia. Siku ya kumi ndiyo hiyo. Mwenye mashine ya kusafishia zege kwa maji alitaka mia na themanini, na Verna hakuwa nazo, kwa hiyo alisugua mwenyewe.

Saa kumi alasiri alijikongoja hadi ukumbi wa mtaa, kwenye mkutano. Doa halikuwa shida yake. Shida ilikuwa dola elfu sita na mia nne.

Hizo ndizo ilizotozwa kila nyumba ya mtaa wa Heron Glade mwezi wa Mei, juu ya ada ya kila mwezi, ili mtaa upate lango jipya na chemchemi yenye taa za rangi. Paa la Verna linavuja, lakini chemchemi ndiyo ya lazima. Pensheni yake ni dola elfu moja na mia nne kwa mwezi. Ada ya mwezi hakuwahi kuikosa; tozo hili lilimshinda. Tangu hapo kila alicholeta kilimezwa kwanza na faini na gharama za mwanasheria wa chama, hata ada aliyokwisha kulipa ikahesabika haijalipwa. Uhuni mtupu, ila wenye kuufanya huvaa tai.

Mwenyekiti, Dwight Kessinger, muuza boti mstaafu, aliweka saa ya jikoni mezani. Kila msemaji dakika tatu. Verna alisimama akauliza ni akina nani waliopitisha tozo lile, maana nusu ya wenye nyumba wanaishi majimbo mengine na hawajui hata lango liko wapi.

Dwight alijibu kwa upole wa muuzaji kwamba kura zilikuwa sitini na tatu, na hamsini na moja kati ya hizo zilikuwa karatasi za wasiohudhuria, waliompa yeye awapigie.

"Mimi nisingekupa hata ufunguo wa sanduku langu la barua," Verna alisema.

Dwight akamtazama katibu, Marcy Pruett. Marcy akafungua faili, akainua karatasi. Nyumba namba kumi na nne. Sahihi ya Verna, tarehe tatu Aprili.

Verna aliikumbuka. Wiki ile Elroy, mumewe, alikuwa hospitali anakata roho. Marcy alikuja mlangoni na bakuli la kuku wa kuoka, kama majirani wafanyavyo, na karatasi chini ya bakuli. Alisema ni ya kutimiza akidi tu. Verna alitia sahihi bila kukaa chini. Pa kuandika jina la mwakilishi alipaacha wazi, na pakiachwa wazi, kura ni ya mwenyekiti. Imeandikwa pale chini, kwa herufi za kusomwa kwa darubini.

"Uliniambia ni akidi," alimwambia Marcy.

"Na akidi ilitimia, mpenzi," Marcy akasema.

"Basi tozo umelipitisha wewe mwenyewe," Dwight akaongeza. "Sasa unamshtaki nani?"

Watu wakacheka kidogo. Saa ikalia. Dakika tatu zimekwisha.

Jambo la mwisho lilikuwa nyumba tatu zenye deni: wanachama wakubali mwanasheria azipeleke mahakamani zipigwe mnada, naye alipwe kutoka kwenye ada. Namba kumi na nne ilikuwa ya pili. Wanaokubali walinyoosha mikono, wakahesabiwa. Wanaopinga wakaitwa. Verna akanyoosha.

"Mwenye deni la zaidi ya siku tisini hana kura," Marcy alisema. "Shusha, mpenzi, unanichanganyia hesabu."

Verna hakushusha. Marcy akaanza upya kutoka safu ya mbele, kidole hewani. Kilipofika kwa Verna kikamruka, kikaenda kwa mtu wa nyuma yake, kisha akaandika: wanaopinga, wanne.