Punje za Watu wa Mtoni

Mkutano uliitishwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa nne na nusu kwenye chumba cha katekesi. Kila mtu aliambiwa aje na punje moja ya mahindi ya kupigia kura. Edina, mwanafunzi wa ustawi wa jamii, alitandaza sakafuni karatasi mbili za manila: moja amechora daraja, nyingine ghala la kahawa. Chuoni alifundishwa kwamba wananchi ndio wanaojua shida zao. Mfadhili angejenga watakachochagua.

Kunigunda, mjane, alitaka daraja. Mvua za mwaka juzi binti yake Vitalia alisombwa na mto akiwa kwenye machela, anapelekwa hospitali ya Litembo kujifungua. Wanaume wawili waliombeba walikwenda na maji pamoja naye.

Baada ya sala ya kufungua, Vitalia aliingia. Nyuma yake wale wawili, na wengine wanane waliokufa kwenye mto huohuo tangu zamani. Nguo zao zilichuruzika. Watu walisogea kwenye mabenchi, na mama mmoja akachukua ufagio kusukuma maji yasifike kwenye manila.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Egidi, mwenye kahawa nyingi kijijini, aliwatazama. "Nyie daraja la nini tena? Si mmeshavuka?"

Watu walicheka. Wabeba machela nao walicheka.

Punje zikawekwa. Ghala lilipata thelathini na nne, daraja arobaini na moja. Kunigunda alifanya ishara ya msalaba.

Ikapitishwa fomu ya mahudhurio: jina, sahihi, namba ya simu. Watu wa mtoni waliandika majina, wino ukatawanyika. Namba hawakuwa nazo. Edina alitoka nje kumpigia mwalimu wake, akasikiliza muda mrefu.

"Anasema utafiti shirikishi ni wa watu wote," alisema aliporudi. "Ila fomu haipokei mtu asiye na namba. Nisamehe, mama."

Aliinama akaokota punje kumi na moja. Zilikuwa zimelowa, kwa hiyo hakukosea hata moja.

Ghala lilijengwa. Edina alifaulu, ripoti yake ilisema wananchi wote walishirikishwa. Kunigunda alikuwa amemwona akiiandika huku anafuta machozi, akamfungia maharage ya njiani.

Mvua zilizofuata, mke wa Egidi, Beata, alishikwa na homa, akapelekwa hospitali kwa machela. Hakufika.

Mwaka huu amekuja mwanafunzi mwingine na manila zake: daraja, na uzio wa ghala. Beata aliingia amelowa, Vitalia akamsogezea nafasi kwenye benchi. Egidi aliweka punje yake kwenye daraja. Kisha akaichukua fomu na kumwandikia mkewe namba ya simu, kwa kuwa aliijua kwa kichwa.

Mwanafunzi aliipiga palepale kuhakiki. Simu ikalia kule bondeni, mtoni, wote wakaisikia. Iliita mpaka ikakata.

"Hapokei," alisema mwanafunzi, akainama kuokota punje iliyolowa.