Hoja Yako, Mzee

Kwenye kioo cha studio, mbele ya macho ya mtangazaji, palibandikwa karatasi: SALAMU HAPANA. HOJA TU. Aliyeiandika ni Evodia mwenyewe, alipokabidhiwa kipindi cha Mtaa Unasema na kukuta muda wote unaliwa na watu wanaowasalimia shemeji zao wa Mpwapwa na mafundi cherehani wao wa Chang'ombe. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vichache juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Makole. Lakini asubuhi jiji liliitegea sikio, kwa sababu hapo ndipo mwananchi alipoweza kumuuliza mkubwa wa maji au wa taka, na mkubwa akalazimika kujibu watu wote wakisikia.

"Tumepokea salamu. Hoja yako!" Hivyo ndivyo Evodia alivyowakatisha. Maneno hayo yakawa jina lake. Akipita sokoni wauza nyanya walimpigia kelele, "Hoja Yako! Njoo uone nyanya, salamu baadaye!" Naye alicheka, na moyoni akaona fahari.

Jumanne ile mgeni alikuwa Bwana Geofrey, msimamizi wa mradi wa barabara mpya inayokatiza Miyuji. Barabara ilipita kwenye viwanja vya wenyeji, na wenyeji wa huko walikuwa wamewazika watu wao nyumbani, nyuma ya nyumba, karibu na zizi. Sasa marehemu walikuwa wanahamishiwa kwenye makaburi mapya ya jiji.

"Kila kaburi tulilolipiga rangi nyekundu litahamishwa kwa heshima zote," alisema Bwana Geofrey akiegemea kipaza sauti. "Mwenye kaburi lisilo na rangi aseme leo. Mimi ndiye mwenye uamuzi na niko hapa. Keshokutwa greda linaingia."

Iddy, fundi mitambo, aliinua kidole upande wa pili wa kioo. Simu.

"Mbukwenyi," ilisema sauti ya mzee kwa salamu ya wenyeji. Kiswahili chake kilikwenda polepole, kama mtu anayekatiza shamba la jirani akichunga asikanyage miche.

"Mbukwa, mzee. Shikamoo. Jina lako, na unapiga kutoka wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nathanaeli Ndahani, wa Miyuji. Hamjambo humo ndani? Mgeni wetu hajambo? Nyumbani kwake wameamkaje?"

"Wameamka salama. Hoja yako, mzee."

"Ndiyo, ndiyo, naja huko huko. Nawasalimu wote wanaotusikia. Nawasalimu wa Chamwino, kwa mjomba wangu, poleni na msiba. Uwele mwaka huu umewakataa, poleni na njaa..."

"Salamu tumepokea, mzee. Hoja!"

"Na wa hapa Miyuji nawasalimu, walio hai na waliolala. Nawasalimu waliolala pale kwangu, mama Emilia, pamoja na..."

Evodia alipitisha kidole shingoni. Iddy akakata.

"Mzee wetu huyu tungemwacha angefika Singida," alisema Evodia, na Bwana Geofrey akacheka hewani. Simu iliyofuata ilikuwa ya kijana mmoja wa Makole aliyetaka kujua kwa nini malori ya kifusi hayafunikwi turubai. Hoja safi, maneno machache. Evodia akampongeza.

"Yule wa salamu anapiga tena," Iddy alisema kwenye spika za masikioni.

"Mwache."

Taa ya simu iliwaka, ikazima, ikawaka. Iliendelea hivyo hadi wimbo wa kufunga kipindi.

*

Alhamisi Evodia alichukua kinasa sauti, akapanda bodaboda hadi Miyuji kuandaa taarifa ya kazi ya barabara. Kipupwe kilikuwa kimeshuka. Upepo ulichukua vumbi jekundu na kulitupa machoni. Greda lilikuwa limeshapita. Uwanda uliokuwa na viambaza, mazizi na nyua za minyaa ulikuwa umenyooshwa kama mkeka, na harufu ya utomvu wa minyaa iliyovunjwa ilikaba koo.

Katikati ya uwanda alisimama mzee mrefu, amevaa koti la suti juu ya shuka. Mbele yake vijana wawili wa mradi walikuwa wameegemea makoleo. Evodia akamwendea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Umeamkaje? Mama hajambo? Baba je? Na huko ulikotoka, wenzako hawajambo?"

Evodia akajibu moja baada ya jingine. Hapakuwa na saa ukutani, wala kioo. Alipojibu la mwisho, mzee alimtazama vizuri.

"Sauti hii naijua. Wewe ndiye Hoja Yako."

Mmoja wa wale vijana akacheka. Evodia hakucheka. Naye alikuwa ameitambua sauti.

"Ndiyo, babu. Ulinipigia Jumanne."

"Nilipiga." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayethibitisha kwamba jana jua lilitoka. "Msimamizi wa vijana hawa aliniambia yeye hana mamlaka. Akasema mkubwa wao atakuwa redioni, nimwambie huko."

"Ulitaka kumwambia nini?"

Mzee akaelekeza fimbo ardhini, kisha akaisogeza kidogo kushoto, kisha akairudisha.

"Mke wangu, Yudith, alikuwa hapa. Kaburi lake la saruji, lina msalaba, wakalipiga rangi. Asubuhi wamemchukua, mchungaji ameomba, kila kitu kimekwenda vizuri. Lakini pembeni yake alikuwepo mtoto wetu wa kwanza, Emilia. Alikufa hajaanza kutembea. Enzi zile saruji tungeitoa wapi? Tuliweka mawe tu. Mbuzi wakayasukuma, mvua ikayazika. Waliopita na rangi hawakuona pa kupaka, na siku hiyo mimi nilikuwa Chamwino kwenye msiba wa mjomba. Yudith alipokuwa anakufa aliniomba jambo moja tu. Nimlaze karibu na mtoto wake. Nikamlaza."

"Na leo hukuwaambia hawa?"

"Alituambia, dada," alisema kijana mwenye koleo, sasa akiwa ameinamisha macho. "Msimamizi wetu hapa akasema bila rangi hatuchimbi. Tukambeba mama. Greda likapita."

"Na sasa amekubali mchimbe?"

"Amekubali baada ya mzee kukaa mbele ya greda lilipotaka kurudia. Lakini tumechimba pale, na pale, na pale. Hakuna kitu."

Evodia akayaona mashimo. Yalikuwa mafupi, ya kubahatisha, yakisogea kila upande.

"Babu, hupakumbuki?"

"Nilipakumbuka kwa mama yake," alisema mzee Nathanaeli. "Nilikuwa nasimama kwenye msalaba, nageukia ua wa minyaa, napiga hatua, namkuta mwanangu. Sasa msalaba wameupeleka. Ua hakuna. Nitasimama wapi nianze kuhesabu?"

Evodia alimpigia simu Bwana Geofrey. Alimweleza kwa haraka, kwa maneno machache, vile alivyozoea.

"Dada Evodia, lakini mimi si nilikuja studio kwako kwa ajili ya mambo hayohayo?" Bwana Geofrey alishangaa kweli. "Nilisema mwenye shida aseme. Mbona hakusema?"

Evodia aliyatazama yale mashimo. Aliomba tu vijana waruhusiwe kuchimba mpaka jioni, akaruhusiwa. Alishika koleo yeye mwenyewe, viganja vikachubuka. Udongo wa huko ni mgumu na una chumvi, na mifupa ya mtoto mchanga haikai miaka mingi namna hiyo. Kila mmoja pale alilijua hilo, wakaendelea kuchimba. Jua lilipokaribia kuzama mzee akawaambia wapumzike. Akawashukuru mmoja mmoja, akiuliza jina la kila kijana na kwao ni wapi, akampa kila mmoja salamu za kupeleka kwa wazazi wake.

Wakatembea pamoja hadi barabara ya zamani. Hapo ndipo Evodia alipopata nguvu ya kuuliza.

"Babu, mbona hukulisema hilo kwanza? Maneno matatu tu, nimemzika mtoto hapa. Ningekusikia."

Mzee alisimama. Alionekana kulifikiria swali kwa dhati, kama anayetaka kumsaidia.

"Yule bwana mimi simjui," alisema. "Namwomba anibebee mwanangu. Jambo kubwa kama hilo, nitamwombaje mtu ambaye sijamsalimu?"

*

Jumanne iliyofuata ile karatasi haikuwepo kwenye kioo. Gundi ilikuwa imeacha alama nne za kahawia kwenye pembe. Iddy aliziona.

Mgeni alikuwa mama mmoja wa vikundi vya wakulima wa zabibu. Kipindi kilikuwa katikati taa ya simu ilipowaka, na Iddy akabonyeza kitufe cha kuzungumza na studio. "Ni yule mzee. Nifanyeje?"

"Mlete."

"Mbukwenyi," ilisema sauti.

"Mbukwa, babu. Shikamoo. Tunakusikiliza."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humo ndani? Mgeni wetu hajambo? Zabibu zake hazijambo?"

"Hazijambo, baba," mama wa zabibu alijibu akitabasamu. "Na wewe mwenzetu umeamkaje?"

"Nimeamka. Nawasalimu wote wanaotusikia. Nawasalimu wa Chamwino kwa mjomba. Nawasalimu vijana wa makoleo, Joel na Sostenes, Mungu awape mikono yenye afya. Nawasalimu wa Makole, wa Chang'ombe, na hapa Miyuji waliobaki na waliohamishwa."

Iddy alitazama saa, kisha akamtazama Evodia. Wakati wa tangazo la saruji ulikuwa umeshapita. Evodia alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza na hakuiinua.

"Nawasalimu waliolala. Namsalimu mke wangu Yudith, huko makaburi mapya ulikopelekwa. Pole na ugeni. Nakuja Jumapili." Sauti ilisimama, ikavuta pumzi. "Na mwanangu Emilia, nakusalimu hapo ulipo chini ya barabara. Nimeshindwa kukupata. Magari yakianza kupita usiogope, ni watu tu wanakwenda kazini."

Spika zikabaki na mvumo mdogo wa laini ya simu. Mama wa zabibu alikuwa ameshika ukingo wa khanga yake mdomoni.

"Babu," alisema Evodia, "hoja yako?"

"Sina, mwanangu. Leo zilikuwa salamu tu."

Akakata yeye mwenyewe.