Pua Iliyotoka Kwenye Paji

...na sasa Damiani ametoa kichwa dirishani mwa duka la kijiji anasema sukari ipo, ila mizani imegoma, tungoje kidogo, haya tungoje, mimi sina haraka, miezi yote ile nimelala hospitali ya misheni bila kusikia hata neno moja la maana, wagonjwa wenzangu wote watu wa mbali, na utamtetaje mtu ambaye humjui mumewe wala shamba lake, kwa hiyo leo mke wa mwanangu aliposema mama kaa ndani, nitakuletea sukari, nikamwambia wewe lea mtoto wako, foleni ni yangu, nikajitanda kanga, nikaishusha mpaka kwenye nyusi na chini nikaipandisha mpaka machoni, nikatoka... na kumbe kujigubika kwenyewe ndiko kumeniokoa, maana hapa kwetu mama mkwe hatazamani na mume wa binti yake, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mwingine apite, na Damiani huyu kaoa majuzi tu huko Kinampanda, basi hawa wanawake mbele yangu walipoona kikongwe kajifunika gubigubi mbele ya duka la Damiani wakajumlisha wenyewe, "Mama mkwe wake huyo, kaja kumtembelea binti, msimkazie macho," wakaniamkia shikamoo huku wakitazama miguu yangu, nikaitika marahaba kwa sauti ndogo, sauti yenyewe siku hizi inapita njia mpya hata mimi siitambui, wakageuka wakanipa mgongo, na migongo hiyo ni ya nani, ya Felista na Esta, Felista ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuteta tangu alipokuja kuolewa hapa Mungaa hajui hata kukonyeza, leo nimesimama nyuma yake nasikia mpaka anavyomeza mate... nacheka peke yangu humu ndani ya kanga, na nikicheka mshono unanivuta. "Yunisi?" anasema Felista, eh, mimi huyo, ninatajwa, "Yunisi harudi tena. Wamemkata uso mzima. Kaniambia dereva wa lori, dereva aliambiwa na mpishi wa hospitali." Mpishi! Mpishi hakuwahi kuingia wodini hata siku moja, alikuwa anaogopa damu, hebu msikie na ushahidi wake... "Na pua wamemshonea ya mbuzi." "Weee, Felista!" "Ya mbuzi, tena beberu. Akipiga chafya analia meee." Esta kashika mbavu, na mimi nimeshika mbavu, lakini beberu, jamani, siku hizi ambapo kila mkutano tunapiga kelele kuwalaani mabeberu, wangenipa basi hata ya jike... halafu hajui kupanga maneno, mtoto huyu, mbuzi anawekwa mwisho, kwanza unawapa watu kidonda, unawaambia Yunisi aliangukia mafiga akiwa mtoto akaungua ubavu wa pua, likabaki kovu, na baada ya miaka mingi kovu likafungua mdomo likawa kidonda kisichopona, akakipaka majani, akakipaka samli, akakinunia, wapi, na daktari wa misheni akakitazama mara moja tu akasema, "Bibi, hiki si kidonda, hii ni kansa ya ngozi, nikiiacha itakula pua, ikimaliza itapanda jichoni." Nikamwuliza, ukiikata nitabaki na nini, akasema nitabaki na tundu, na hilo tundu atalifunika kwa ngozi ya paji langu mwenyewe, nikadhani ananitania, akakata kikaratasi cha kung'aa, akanipima puani kama fundi cherehani anavyopima kola, akakigeuza akakibandika kwenye paji, akafurahi, "Bibi, mikunjo yako itatusaidia, ngozi ya ziada ipo tele." Miaka yote nilikuwa nakunja uso kumnunia marehemu Mughwai, kumbe mume wangu alikuwa ananiwekea akiba! Wakanilaza usingizi wa dawa, wakaitoa kansa yote, wakachana ngozi ya paji wakaiteremsha puani, lakini hawakuikata kabisa, waliiacha imeshikilia karibu na nyusi kama boga kwenye kikonyo chake, ili damu iendelee kushuka mpaka pua izoee kujitegemea, nikakaa na huo mkonga katikati ya macho wiki na wiki, mgonjwa wa kitanda cha pili akinisalimia "Shikamoo tembo," nami namwitikia marahaba ndama wangu... kisha ndipo wakakata kikonyo, na mpaka leo inzi akitua puani nahisi ametua kwenye paji, najipiga paji, inzi anabaki pale pale ananishangaa, sasa mambo matamu namna hiyo, Felista unayaacha unakimbilia mbuzi! ...lakini jana hakuna aliyecheka. Jana lori liliponishusha nikakuta hata kilima changu hakina mtu, tumehamishwa wote, nyumba zimepangwa mstari mmoja bondeni, kaburi la Mughwai limebaki kule juu peke yake, hilo nimelilia, ila usiku nikamsikia jirani wa kulia akikohoa na wa kushoto akigombana na mkewe habari ya chumvi, na masikio yangu, Mungu anisamehe, yakaushukuru Ujamaa... lakini kabla ya hapo, nilipofungua kanga nile ugali, mjukuu wangu Leela, niliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea, alinitazama, akarudi nyuma, akaenda kujificha kwenye gauni la mama yake, na hapo nikajiambia basi, Yunisi, uso huu utakuwa wa ndani ya kanga mpaka uzikwe nao. "Lakini akirudi kweli," anasema Esta, pole pole sasa, hacheki tena, "na uso huo, utakaa naye?" Nami nimeishika kanga chini ya kidevu mpaka vidole vinauma, sema, mtoto, sema tujue... "Nitaogopa," anasema, "sitaki kudanganya, Esta, siku ya kwanza nitaogopa." Haya. "Ila mwenzangu, tangu aondoke nikipata neno sina pa kulipeleka. Juzi nimesikia la mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, nimelala nalo mpaka leo, linaniozea tumboni. Wewe nikikwambia unasema aa, basi. Yule angenichimbua mpaka asubuhi." Siku ya kwanza, amesema siku ya kwanza, hakusema ya pili... na Esta sasa kageuka, macho chini kwa adabu, anasogea kando, "Mama mkwe, pita mbele, jua kali, mkweo tutamwambia ageuke, sisi tutangoja," na wote wanasogea, njia imefunguka mbele yangu nyeupe mpaka dirishani, migongo huku na huku, hakuna jicho hata moja juu yangu, nikipita nitachukua sukari yangu nirudi, kesho nitakuja tena nipishwe, nitaheshimiwa hivi hivi mpaka mwisho, mama mkwe wa mtu asiye mkwe wangu, na nani katika dunia hii alimweleza mama mkwe jambo la maana, wanamtandikia mkeka na kumwuliza habari za mvua... hata Leela leo asubuhi alichungulia mlangoni mara ya pili, nilimwona, akataka kujua kama pua hiyo inanusa. Damiani bado anagombana na mizani yake, hakuna aliyesogea hatua, jua ni lile lile, na mimi vidole vyangu vimeshaachia, kanga imeanguka mabegani, upepo wote wa Singida unanipiga usoni, namshika Felista bega, anageuka, anafungua kinywa, na kabla hajapata sauti namwambia, "Marahaba, mwanangu. Ya beberu tutayazungumza baadaye. Mke wa balozi kafanya nini?"