Kurudi Ukumbi wa Maji

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kususa. Kwa hiyo alipoacha kwenda kucheza Jumamosi nyumbani kwa mdogo wake, wote waliamini maneno yake kwamba kazi zimemwelemea. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa yamefifia mpaka akawa anaona mwanga na vivuli tu. Kushona aliendelea kushona, kwa vidole na mazoea. Mchezo ndio uliomshinda.

Na mchezo wenyewe aliupenda mno. Mmoja huwa msimulizi, anaeleza mahali na hatari zake. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu inaamua. Walianza ujanani: yeye, mdogo wake wa kiume ambaye sasa ni fundi wa mafriji, na binamu yao mfamasia. Mdogo wake alipooa mwalimu wa hesabu, wifi naye akaingia mezani kwa miguu yote miwili.

Kisha likatoka toleo jipya la mchezo huo. Lilipendeza, hakuna ubishi: kadi za rangi, ramani ya miraba, visanamu vya plastiki, na hesabu nyingi zikifanywa na simu. Lakini kwa mtu asiyeona kadi, ikabidi kila zamu wifi amnong'oneze sikioni. Ni kama kutafuniwa chakula, alijisemea, na taratibu akajitoa.

Jumamosi moja mchana mdogo wake akamfuata mpaka kwenye cherehani.

"Dada, funga kazi. Leo tunarudi toleo la zamani."

"Kwa ajili yangu? Kama ni huruma, kawape wagonjwa."

"Huruma gani? Nimechoka kusimamisha vita kila saa eti simu ya binamu haina chaji! Halafu, Ukumbi wa Maji bado unatucheka."

Hapo alimpata. Ukumbi wa Maji ulikuwa ndani ya Kasri la Chini, kisa cha toleo la zamani ambacho hawakuwahi kukimaliza. Kila walipoingia humo milango ilijifunga, maji yakamiminika, na wahusika wao wote wakafa kifo cha panya ndooni. Toleo jipya lilipokuja, wakaliacha kasri na aibu yao humo ndani.

Fundi alichomeka sindano kwenye kijimto chake. "Twende."

Sebuleni binamu alikuwa tayari anang'aka. "Kitabu chenyewe kimeliwa na mende! Ramani iko wapi?"

"Ramani ni mdomo wangu," alisema mdogo wake. "Ukitaka kujua, uliza."

Wifi akamtilia fundi dadu za zamani kiganjani. Zile mpya zilikuwa laini kama peremende; hizi, zenye pande hadi ishirini, namba zake zilichongwa hasa, na kidole gumba kikazitambua papo hapo. Fundi alijikuta anacheka peke yake. Mhusika wake, mwizi mwembamba aitwaye Kucha, alikuwa amerudi kazini.

Walishuka kasrini. Hakuna aliyemnong'oneza mtu, kwa sababu kila kilichokuwepo kilisemwa kwa sauti, na wote wanne walikuwa gizani sawasawa. Aliuliza harufu ya ngazi, akauliza sakafu ina ubaridi gani, akamzuia binamu asikanyage jiwe lililotoa mlio wa shimo chini yake. Kisha wakaingia ukumbini.

"Milango inajifunga," alisema mdogo wake. "Maji yanaingia. Yako magotini."

"Gogo anapiga mlango shoka!" Gogo alikuwa askari wa binamu. Dadu ikaviringika, binamu akaguna. Akarusha tena, akaguna zaidi.

"Kiunoni."

"Kwa kasi hii tumekwisha," wifi alisema, akiwa ameshapiga hesabu zake. "Wifi yangu, sema neno."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. "Maji yanaingia, sawa. Hewa iliyokuwemo humu inakwenda wapi?"

Hata binamu aliacha kutikisa kiti.

"Mdogo wangu, Kucha anatega sikio. Anasikia nini zaidi ya maji?"

Fundi akasikia tabasamu ndani ya sauti ya mdogo wake msimulizi. "Mluzi. Mwembamba sana. Juu kabisa, kwenye kona."

"Basi tusipigane na maji. Yatubebe! Gogo, vua chuma chako chote uelee. Wifi, mshike mkono asizame."

"Nivue vazi langu la chuma?" Binamu aliumauma maneno. "Unajua nimelitafuta miaka mingapi?"

"Vua, baba, au uzikwe nalo!"

Akavua. Maji yakawainua, kifuani, shingoni, hadi pua zao zikagusa dari. Kucha akapapasa kona ile kwa vidole mpaka akaupata ufa, akatia kisu kuung'oa mfuniko wa jiwe.

"Kumi na tano au zaidi," alisema msimulizi. "Ukikosa, hakuna pumzi nyingine."

Fundi alirusha. Dadu ikagonga meza, ikazunguka, ikatulia.

"Asiguse mtu! Wala mtu asitaje namba!" alisema.

Akaitafuta kwa ncha ya kidole, polepole, akakiweka juu yake. Moja. Na pembeni yake, mstari wa juu uliolala, na mguu wake wa kushuka.

"Kumi na saba," alisema, kisha akasimama akapaza sauti. "Kumi na saba!"

Sebule ililipuka. Wifi alipiga vigelegele, binamu akapiga meza mpaka vikombe vikaruka, akisahau kabisa chuma chake kilichobaki chini ya maji. Msimulizi naye, ambaye kazi yake ni kutoegemea upande wowote, alikuwa amemkumbatia dada yake anamtingisha kama gunia.

"Mmetoka," alisema alipopata pumzi. "Mko juu ya ukumbi. Mbele kuna njia ambayo sijawahi kumsimulia mtu yeyote."

Fundi aliketi, akavuta kiti karibu na meza. Hakuhitaji kuuliza zamu ni ya nani, kwa maana alisikia viti vyote vikigeukia upande wake.

"Dada," binamu aliita, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, "tuelekee wapi?"

"Nyamazeni kwanza," alisema. "Acheni nisikilize."